Orodha ya Majina ya Nyumbani

Mwanamke yule alinipigia simu wiki nzima kabla sijamwona, na wiki nzima nilimpiga chenga. Mara niko bize, mara mtandao unasumbua, mara piga kesho. Nina duka la steshenari Nyasubi, hapa Kahama. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi, na mtu akitaka kuniona anajua pa kunipata. Siku ya nane akaja mwenyewe. Alikuwa ametoka Songwa alfajiri, amebadilisha magari Shinyanga mjini, viatu vimejaa vumbi, na hakuja kutoa kopi.

Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa, akasema yeye ndiye wa simu. Nikamwambia nimeitambua sauti. Akaeleza kwamba mumewe aliondoka nyumbani miaka miwili na nusu iliyopita kwenda kuchimba, akapiga simu mara chache, kisha akanyamaza kimya. Ndugu za mume wanasema yuko hai, ameoa Geita na ana mtoto wa pili. Lakini mwezi uliopita mchimbaji mmoja aliyepita kwao kununua mbuzi alimsimulia kwamba kuna mtu wa Kishapu, wilaya yao, alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, upande wa Kharumwa, akazikwa kulekule kwa jina la machimbo, jina la mnyama wa porini. Na kwamba karani wa duara lile alikuwa mwanamke, siku hizi ana steshenari Nyasubi.

Akanitajia jina kamili la mumewe.

"Dada, mimi sitafuti fidia," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nimlilie au nimlaani."

Mimi si mtu wa huruma nyingi, wanaonifahamu watakwambia. Lakini lile swali lilinikaa. Jibu lake lilikuwepo, nililiandika kwa mkono wangu. Lilikuwa limefungwa, limewekwa kwa mtu nisiyemwamini, na ufunguo wake nilikuwa na nusu.

Nieleze ilivyokuwa, maana watu hudhani karani wa duara anakaa kivulini anapima dhahabu. Karani anaandika watu. Asubuhi wanaposhuka shimoni anaandika, jioni wanapopanda anaandika, ikipungua idadi anapiga kelele. Sasa machimboni hakuna anayetumia jina la nyumbani. Wengine wamewakimbia wake zao, wengine wana kesi, na wengi wanaamini tu kwamba mwenzako akilijua jina ulilopewa na mama yako anaweza kulipeleka kwa mganga, ukachimba mwaka mzima usione hata punje. Kwa hiyo huyu anaitwa mnyama, yule anaitwa lori, mwingine mchezaji wa mpira. Ukiwauliza majina ya kweli wanakutazama kama umewavua nguo.

Halafu siku moja duara la jirani lilizika mtu ambaye hakuna aliyejua hata kabila lake. Wetu wakaingiwa na woga. Wakakaa, wakabishana kutwa nzima, wakakubaliana kwamba kila mmoja atampa karani jina lake la nyumbani, kijiji chake, na namba ya simu ya mtu wa kuambiwa. Orodha isifunguliwe mpaka mtu afe, na siku akifa ile namba ipigwe siku hiyohiyo. Walitaka niape, nikaapa.

Bado hawakuridhika. Kambini kwetu stoo ya mawe, yale yanayosubiri kupelekwa karasha kusagwa, ilikuwa na kufuli mbili, na funguo zake zilishikwa na watu wawili wasio ndugu na wasiokula sahani moja. Hiyo ndiyo desturi, na ni desturi nzuri, kwa sababu wawili wasiopendana hawaibi pamoja. Wakasema na orodha iwe hivyo hivyo. Basi paswedi ikagawanywa nusu kwa nusu. Mimi niliandika nusu yangu, nikainuka na kugeukia ukutani, na mzee mtunza stoo akaketi akaandika nusu yake kwa kidole kimoja. Kila jioni tulirudia hivyo nilipotaka kuingiza mtu mpya. Mzee alikuwa mbishi, anakunja uso akiona mtu anacheka, na hatukupendana. Tulifaa kwa kazi hiyo.

Kompyuta ya kambini haina maisha marefu, vumbi na mvua na wezi wote wanaitaka hiyo. Nilihitaji bakapu mahali pengine. Mwenye duara akanielekeza kwa bwana mmoja wa Geita mjini mwenye duka la intaneti na seva yake mwenyewe, anayetunzia watu mafaili. Bwana huyo sikumwamini hata robo. Alikuwa mdaku wa kutupwa, ukimpa barua akuchapie anaisoma mara mbili na kukupa ushauri. Lakini nilisoma haya mambo chuoni, najua namna ya kumpa mtu kitu bila kumpa. Programu niliyotumia ilikuwa inasimba kila kitu, yaani inakigeuza kisisomeke bila ile paswedi, palepale kwenye kompyuta yangu kabla hakijatoka, kwa hiyo kwake kilifika kama mfuko ulioshonwa mdomo. Angeweza kuutupa. Angeweza kuupoteza. Kuona ndani, asingeona.

Na ili asije siku moja akanipa kitu kingine akadai ndicho changu, kila nakala niliyotuma niliandika namba yake kwenye daftari, pamoja na zile herufi na tarakimu ndefu ambazo programu hutoa kama alama ya kidole. Nilijiona mjanja kweli.

Duara lilianguka kipindi cha mvua. Matimba yaliyoshikilia kuta yaliteleza mchana, watu wengi walikuwa wamepanda kula, wawili walikuwa chini. Mmoja yule wa jina la mnyama, mwingine wa jina la lori. Wote wawili wageni, walikuwa wameingia wiki zile za mwisho, wanaongea kidogo, hawana swahiba. Mvua hiyohiyo ilibeba ukuta wa ofisi yangu na kompyuta ikalala kwenye matope. Miili ilitolewa siku ya pili. Mtendaji wa kijiji alikuja, akaandika majina ya machimbo, akauliza ya nyumbani. Nikamjibu kwamba orodha ipo, ila kompyuta imekufa, anipe siku chache. Joto lilikuwa kali, hawakuweza kusubiri. Tukawazika pembeni ya njia ya kwenda mtoni.

Wiki hiyo ikasikika kuna rashi mpya ya dhahabu kwingine, na kambi ikahama yote na masufuria yake. Mwenye duara akafunga. Mzee mtunza stoo akarudi kwenye mahindi yake. Mimi nikaja Kahama. Kufungua orodha kulitaka kompyuta nyingine, bando kubwa, safari ya kwenda kumtafuta yule mzee na uso wake wa kukunja. Siku chache zikawa mwezi. Nikajiambia wenye watu wao watakuja kuuliza. Hawakuja. Sikuwa mgonjwa, sikuzuiwa na mtu, sikuwa hata na kazi nyingi kihivyo. Niliahirisha, basi. Nilikuwa nimewachoka wachimbaji na vifo vyao na siri zao, na niliona nina haki ya kuchoka.

Hayo yote sikumwambia mwanamke wa Songwa. Nilimwambia orodha ipo mbali na itachukua siku kadhaa. Akasema atasubiri. Nikamwambia sina chumba cha wageni. Akasema benchi linatosha. Nikaona huyu hatoki, nikampigia bwana wa Geita.

Alinikumbuka mara moja. Akacheka, akauliza kwa nini nimepotea hivyo, na mle ndani kulikuwa na nini hasa, dhahabu au mapenzi. Nikamwambia atume mfuko wangu na maswali abaki nayo. Jioni akatuma kiungo cha kupakulia. Upakuaji ulikwenda kwa kusuasua mpaka kesho yake saa nne, na mwanamke muda wote alikaa ananisaidia kubana karatasi za mitihani ya shule moja, anabana sawasawa kuliko mimi. Ulipoisha nikaiamuru programu ikague. Kila kipande cha bakapu kina alama yake, na mtu akigusa hata herufi moja alama inagoma. Ikakagua, ikasema vipande vyote ni vizima, hakuna kilichoguswa. Nikafurahi. Nikasema kumbe mdaku ni mwaminifu.

Mchana ule tukapanda gari dogo kwenda Kharumwa, na kutoka pale bodaboda mbili mpaka nyumbani kwa mtunza stoo. Tulimkuta uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akasema karani umenenepa. Lakini mwanamke wa Songwa alipopiga goti kumsalimia kwa Kisukuma, akainuka, akamwita mayu, yaani mama, akamletea kigoda. Walizungumza Kisukuma muda mrefu, haraka kuliko ninavyoweza kufuata, mimi Kisukuma changu ni cha sokoni. Mwishoni mzee akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema lete hiyo kompyuta.

Niliandika nusu yangu, nikasimama, nikageukia zizi. Nikasikia kidole chake kinagonga, kimoja kimoja. Nikageuka. Paswedi si sahihi. Tukarudia. Si sahihi. Nikamuuliza kama anakumbuka vizuri, akasema hawezi kuisahau hata akiwa maiti. Tukarudia tena, nikaanza kushuku nusu yangu mwenyewe, nikaijaribu kwenye karatasi, ilikuwa sawa. Mara ya sita nilikuwa nimekasirika, nikamwambia wazi kwamba mama huyu hajatoka Songwa kuja kutazama sisi tunavyogonga vitufe. Mkewe, aliyekuwa anapepeta karanga upande wa pili, akasema kitu kifupi kwa Kisukuma, na mzee akamjibu kwa ukali.

Baadaye akasema, polepole, macho kwenye mpini wake. Zile namba za nusu yake ni ng'ombe. Ana mabinti wanne, wote aliwaoza kwa mahari, na namba ni idadi ya ng'ombe wa kila mmoja kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Baba gani atasahau hiyo. Nikamuuliza kama wote bado wako kwa waume zao. Hapo ndipo mke akaacha kupepeta.

"Wa tatu amerudi," mzee akasema. "Ng'ombe za watu nimewarudishia. Sasa niandike ng'ombe ambazo sina?"

Alikuwa ameandika sifuri. Mara sita zote, kwa uaminifu kabisa, aliandika sifuri mahali pa binti wa tatu, kwa sababu wale ng'ombe hawamo tena zizini na yeye si mtu wa kudai cha watu. Nilitaka kucheka, nikauona uso wake, nikaacha. Nikamweleza kwamba kompyuta haijui kilichotokea kwa binti yake, yenyewe inajua siku ile tu. Aandike kama siku ile. Akauchukua mpini wa jembe, akaukwangua kwanza. Nadhani kwake ilikuwa ni kuandika uongo. Kisha akaniambia nigeuke, na safari hii kidole kilikwenda taratibu zaidi, na programu ikafunguka.

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ameifunga kifuani. Orodha ikaja, majina ya machimbo upande mmoja, ya nyumbani upande wa pili. Nikatafuta jina la mnyama. Halikuwemo. Nikatafuta jina la lori, nalo halikuwemo. Nikashuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu. Mwanamke akauliza kama kutokuwemo maana yake ni kwamba si yeye. Nikamwambia asubiri, maana marehemu wote wawili niliwaandika mwenyewe, nakumbuka hata kitufe kilichogoma.

Daftari langu lilikuwa kwenye mkoba. Nimelitunza miaka yote na sikulifungua siku niliyolihitaji. Nakala ya mwisho daftarini ilikuwa ya tisini na sita. Bwana wa Geita alinipa ya sabini na moja. Alama zote zilikuwa nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa amechezea kitu. Nakala ilikuwa ya kweli kabisa, ila ya zamani, ya kabla wale wawili hawajaingia, na programu haina namna ya kujua kwamba kuna nyingine mbele yake. Anayejua ni mtu mwenye daftari, na mwenye daftari alikuwa anafurahia uaminifu wa mdaku.

Nilimpigia. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nilimwona mwanamke ananitazama nikikasirika kwamba mtu hapokei simu yangu.

Asubuhi nikaondoka peke yangu kwenda Geita mjini. Mwanamke alibaki na mke wa mzee, walikuwa wameshaelewana, anamsaidia kumenya karanga. Njiani nilipanga maneno yote. Nilikuwa na hakika amezificha zile nakala za mwisho ili anitoe kitu, au amemuuzia mtu, ingawa nilijua mnunuzi asingepata ndani yake hata neno moja. Nilifika dukani kwake, nikaweka daftari kaunta, na sikumung'unya maneno. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake wawili.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza namba niliyonayo ni ngapi, akakuna kidevu, akakumbuka kwamba katikati ya mwaka ule alibadilisha mashine, na kabla mpya haijakaa sawa mafaili ya wateja yaliendelea kuingia kwenye diski nyingine. Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi la chaja mbovu, akachakura, akaibuka na diski imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliipuliza vumbi, akaichomeka. Ilinguruma kwa shida. Zikaja, moja baada ya nyingine, mpaka tisini na sita. Nililinganisha ile alama ndefu na daftari langu, herufi kwa herufi, mara mbili, na ilikuwa yenyewe.

Niliandaa mdomo wa kumwambia ahsante, na labda samahani, sina uhakika. Yeye akawahi.

"Vitu vyako nimekaa navyo miaka miwili," akasema. "Sijui hata ni nini. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anauliza tu, kama kawaida yake ya kuuliza kila kitu. Nilichukua diski nikatoka. Nilitembea mpaka stendi kabla sijagundua kwamba sikumuaga.

Nilirudi kwa mzee jua limeanza kuinama. Hatukupoteza muda. Niliandika nusu yangu, nikageuka, naye akaandika ya kwake bila kulalamika, pamoja na wale ng'ombe aliokwisha kuwarudisha. Orodha ikafunguka, ndefu kuliko ya jana.

Jina la mnyama lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Pembeni yake kulikuwa na jina la nyumbani, na lilikuwa ndilo lile alilonitajia mwanamke dukani, majina yote matatu. Kijiji, Songwa. Mtu wa kuambiwa, mke. Halafu namba ya simu. Sikuhitaji kuilinganisha na chochote. Zile tarakimu za mwisho nilikuwa nimeziona kwenye kioo cha simu yangu wiki nzima, zinaita, nami nazikata.

Mzee hasomi vizuri, lakini alinitazama usoni, akavua kofia.

"Ndiye?" mwanamke akauliza.

Nikasema ndiye.

Hakupiga kelele. Akauliza kuna nini kingine kimeandikwa. Hapa nilitamani kudanganya, sifichi. Ningeweza kusema ni hilo jina tu, ningefunga kompyuta, na hakuna ambaye angejua maisha yote. Mzee alikuwa ananiangalia. Nikamgeuzia kioo. Akasogeza kidole karibu na ile namba bila kuigusa, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anavyosoma mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo.

"Ulikuwa na namba yangu," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Tangu amefukiwa."

"Tangu siku aliyoingia kambini."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akaeleza, hata sauti hakupandisha, kwamba shemeji zake walimwambia aitupe hiyo laini, anunue nyingine, aanze maisha. Nyumbani kwake hakuna umeme. Kila baada ya siku mbili alikuwa anatembea mpaka madukani kuchaji simu, mvua au jua, miaka miwili, ili mume akipiga asikute imezimwa. Alikomea hapo. Akakaa chini kwenye maganda ya karanga na kumlilia mumewe. Mke wa mzee alikuja mbio, akajifunga khanga kiunoni, akamkumbatia wakalia pamoja, na majirani wawili wakaja kwa kusikia sauti, nao wakalia, bila kuuliza aliyekufa ni nani.

Mimi nilikuwa nimekaa na kompyuta mapajani. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimewahi kusemwa vibaya na watu wengi maishani, wengine kwa haki, na hakuna neno lililonichoma kama lile, namba yangu. Wala hakulisema kama lawama.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Akaomba maji, akanawa uso, akamuuliza mzee kaburi liko umbali gani, mzee akamwambia wataenda asubuhi, na atalima njia mwenyewe. Nilidhani yameisha. Nikaanza kufunga kompyuta.

"Yule mwenzake," mwanamke akasema. "Aliyezikwa naye. Yumo humo?"

Nikasema yumo.

"Ana namba?"

Ilikuwepo, mstari mmoja chini ya ile ya kwake. Mtu wa kuambiwa, mama. Nikasema anayo.

"Piga."

Nikafungua mdomo, na kesho ikawa imeshafika kwenye ulimi. Wote walikuwa wananitazama, mwanamke, mzee, mkewe, na wale majirani. Nikatoa simu, nikaandika zile tarakimu huku nazisoma kwenye kioo. Iliita mara nne. Akapokea mwanamke mtu mzima, nyuma yake kuku wanalia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akauliza wewe ni nani.